Benjamin Franklin: Aliyeionyesha radi njia ya kwenda ardhini

KATIKA Kiswahili neno umeme lina kazi mbili. Ndilo jina la mwanga unaomulika angani kabla ya ngurumo kusikika, na ndilo jina la nguvu inayopita katika nyaya za nyumbani na kuwasha taa, pasi na jokofu.

Kwa msemaji wa Kiswahili, kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja ni jambo ambalo tayari limo ndani ya lugha. Lakini hadi katikati ya karne ya 18 wanazuoni wa Ulaya hawakuwa na hakika nalo, na aliyewaonyesha namna ya kulithibitisha alikuwa mchapaji wa magazeti aliyesoma shuleni kwa miaka miwili tu.

Mtu huyo ni Benjamin Franklin, ambaye sura yake imechapishwa katika noti ya Dola 100 ya Marekani. Wengi humfahamu kama mmoja wa waasisi wa taifa hilo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kila nyumba yenye waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita ethi, inatumia wazo alilolitetea tangu mwaka 1750 hadi mwisho wa maisha yake.

Wazo lenyewe ni jepesi. Umeme ukikosa njia nzuri ya kwenda ardhini hujitafutia njia yoyote iliyo karibu, hata kama njia hiyo ni mwili wa binadamu.

Mtoto wa mtengeneza mishumaa

Franklin alizaliwa Januari 17, 1706 mjini Boston, wakati huo ukiwa katika makoloni ya Uingereza ya Amerika ya Kaskazini. Baba yake, Josiah, alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni mwenye watoto 17, na Benjamin alikuwa wa 15.

Akiwa na umri wa miaka 10 alitolewa shuleni ili amsaidie baba yake kazini. Alipofika miaka 12 alikabidhiwa kwa kaka yake, James, ajifunze kazi ya uchapaji. Ndugu hao hawakuelewana, na mwaka 1723 kijana huyo wa miaka 17 alitoroka na kwenda kuanza maisha Philadelphia, akiwa na fedha kidogo sana mfukoni.

Mwaka 1729 alilitwaa gazeti la Pennsylvania Gazette, na mwishoni mwa mwaka 1732 akaanza kutoa kalenda ya mwaka iliyojaa utabiri wa hali ya hewa, mzaha na misemo, aliyoiita Poor Richard's Almanack. Kalenda hiyo ilimletea utajiri.

Hofu yake ya kwanza haikuwa radi bali moto. Nyumba za Philadelphia zilikuwa na mbao nyingi, na watu walikuwa na mazoea ya kuhamisha makaa ya moto kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa koleo lililo wazi. Cheche moja ikianguka katika ufa wa sakafu, moto ungeweza kuonekana usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Mwaka 1735 aliandika barua katika gazeti lake mwenyewe, bila kutaja jina lake, akiwaonya wananchi juu ya mazoea hayo. Ujumbe wake haukuwa mbali na methali ya Waswahili isemayo tahadhari kabla ya hatari. Desemba 1736 yeye na wenzake waliunda kikosi cha kujitolea cha kuzima moto, Union Fire Company, ambacho kila mwanachama alipaswa kuwa na ndoo za ngozi tayari.

Ndoo hizo ziliokoa mali nyingi, lakini zama zimebadilika. Moto ulioanzia katika nyaya za umeme haupaswi kumwagiwa maji, kwa kuwa maji ya kawaida hupitisha umeme na yanaweza kumrudia anayemwaga. Hatua ya kwanza leo ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, kama inafikika kwa usalama, na kuwatoa watu nje.

Chupa iliyobeba umeme

Katika miaka ya 1740 umeme ulikuwa mchezo wa kustaajabisha sebuleni. Watu walisugua vioo kwa kitambaa, wakavifanya vivute manyoya na kutoa cheche. Franklin aliuona mchezo huo Boston, na baadaye rafiki yake wa London, mfanyabiashara Peter Collinson, aliitumia maktaba ya Philadelphia bomba la kioo la kufanyia majaribio.

Wakati huo huo ilikuwa imegunduliwa chupa ya Leyden, iliyopewa jina la mji mmoja wa Uholanzi. Ilikuwa chupa ya kioo yenye uwezo wa kukusanya umeme na kuutoa wote kwa mara moja. Mtu aliyegusa ndani na nje ya chupa hiyo kwa pamoja alipigwa na mshtuko mkali.

Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, Franklin alimwachia mshirika wake shughuli za uchapaji ili apate muda wa sayansi. Barua alizomwandikia Collinson zilikusanywa na kuchapishwa London mwaka 1751, na zikatafsiriwa kwa Kifaransa mwaka uliofuata.

Ndani ya barua hizo mlikuwa na jambo ambalo hadi sasa hufundishwa darasani. Franklin alieleza kwamba kusugua kioo hakuumbi umeme, bali huuhamisha. Kitu kimoja hubaki na ziada, kingine hubaki na upungufu. Ziada aliiita chanya na upungufu akauita hasi, na alama hizo za kujumlisha na kutoa bado zimechorwa kwenye kila betri.

Alikosea jambo moja. Chembe zinazosafiri katika waya, yaani elektroni, ziligunduliwa mwaka 1897, na zikaonekana kuwa ni zile alizokuwa ameziweka upande wa hasi. Hata hivyo mafundi na walimu wameendelea kuchora mkondo wa umeme ukitoka chanya kwenda hasi, kama alivyouchora yeye.

Vipimo vinavyotumika leo vilikuja baada yake, lakini vinaeleweka kwa mfano wa tangi la maji lililo juu ya nyumba. Urefu wa tangi ndio msukumo, na katika umeme huitwa volti. Wingi wa maji yanayopita katika bomba ndio mkondo, nao huitwa ampea. Wembamba wa bomba ndio ukinzani, nao huitwa omu. Ukigawanya volti kwa omu unapata ampea.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa nini bafuni ni mahali pa hatari. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, lakini mwili uliolowa unaweza kushuka hadi kiasi cha omu 1,000. Kwa mtu huyo mkondo utakuwa ampea 0.23, yaani miliampea 230, ilhali vifaa vya kukata umeme unaovuja hutengenezwa vikate ufikapo miliampea 30.

Bata mzinga wa Krismasi

Franklin mwenyewe alilipata somo hilo kwa mwili wake. Desemba 23, 1750, siku mbili kabla ya Krismasi, alitaka kumuua bata mzinga kwa umeme mbele ya wageni. Alikuwa amejaza chupa mbili kubwa zenye nguvu sawa na chupa 40 za kawaida.

Watu walikuwa wakizungumza naye, mawazo yake yakahama. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mnyororo uliounganishwa na nje ya chupa, na kwa mkono wa pili akagusa sehemu ya ndani. Umeme uliokusudiwa ndege ukapita katika mikono yake miwili na kifuani.

Waliokuwapo waliona mwanga mkubwa na kusikia mlio kama wa bastola. Yeye hakuona mwanga wala kusikia mlio. Mwili mzima ulitikisika, mikono na shingo vikafa ganzi, na kifua kikauma kwa siku kadhaa. Alimwandikia kaka yake kumsimulia mkasa huo, akiruhusu habari ifike kwa wengine kama onyo, ingawa aliona aibu kwa uzembe wake.

Kosa la siku ile linajulikana na kila fundi mzoefu. Umeme unaoingia mkono mmoja na kutokea mkono wa pili hupita kwenye moyo, nao ndio huua kwa urahisi. Kosa la pili lilikuwa kufanya kazi ya umeme huku akipiga soga.

Tiara na kifo cha Richmann

Mwaka huo huo wa 1750 Franklin alipendekeza jaribio la kuthibitisha kwamba radi ni umeme. Fimbo ndefu ya chuma isimikwe juu ya mnara, chini yake asimame mtu ndani ya kibanda, kisha wingu likipita aone kama fimbo itatoa cheche.

Jaribio hilo lilifanyika kwanza Ufaransa. Mei 10, 1752, katika kijiji cha Marly karibu na Paris, fimbo iliyosimamishwa na mwanasayansi Thomas-François Dalibard ilitoa cheche wingu la radi lilipopita juu yake.

Kabla ya habari hizo kuvuka bahari, Franklin, kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa baadaye, alirusha tiara ya hariri mwezi Juni akiwa na mwanawe William, kijana wa miaka 20 na ushei. Kamba ya katani ilipolowa ilipitisha umeme hadi kwenye ufunguo uliofungwa mwishoni, na ufunguo ukatoa cheche kidole kilipousogelea.

Hapa kuna jambo ambalo masimulizi mengi hulipotosha. Tiara haikupigwa na radi. Ingepigwa, baba na mwana wasingerudi nyumbani. Kilichoshuka ni umeme kidogo uliokuwa umejikusanya kwenye mawingu, na Franklin alisimama sehemu kavu iliyoezekwa, akishika utepe mkavu wa hariri ambao haupitishi umeme kirahisi.

Aliyelipa gharama alikuwa mtu mwingine. Georg Wilhelm Richmann, mwanasayansi wa St Petersburg nchini Urusi, alishusha waya kutoka kwenye fimbo iliyokuwa juu ya paa hadi kwenye kifaa cha kupimia chumbani kwake. Waya huo haukuunganishwa na ardhi, kwa kuwa alitaka umeme ubaki kwenye kifaa aupime.

Agosti 6, 1753 ngurumo zilipoanza aliharakisha kwenda nyumbani kusoma kipimo, akifuatana na mchoraji. Alipoinama karibu na kifaa, mpira wa moto ulimruka na kumpiga kwenye paji la uso. Alikufa papo hapo. Kiatu chake kilipasuka, na mchoraji akaangushwa lakini akapona.

Radi ilikuwa imefika chumbani na kukuta njia imekatika. Richmann ndiye aliyekuwa kipande kilichobaki kati ya waya na ardhi.

Vita ya fimbo

Kinga ilikuwa tayari imeandikwa. Katika kalenda yake ya mwaka 1753 Franklin aliwaeleza wasomaji wa kawaida namna ya kuilinda nyumba. Watafute fimbo ya chuma, upande mmoja uzame futi tatu au nne katika udongo wenye unyevu, na upande wa pili upite juu ya paa kwa futi sita au nane, ukiwa na ncha kali.

Hakuomba hataza ya uvumbuzi huo wala kudai malipo. Mwaka huo huo wanasayansi wa Uingereza walimtunuku nishani ya Copley, tuzo yao kubwa. Baadaye radi ilipiga nyumba ya mfanyabiashara William West mjini Philadelphia. Ncha ya fimbo iliyeyuka, lakini nyumba na watu wake walisalimika.

Pamoja na ushahidi huo wengi hawakuridhika. Ulaya ilikuwa na desturi ya kupiga kengele za kanisa ili kuifukuza radi, na wapiga kengele walisimama chini ya mnara mrefu wakiwa wameshika kamba iliyolowa. Kitabu kilichochapishwa Munich mwaka 1784 kilihesabu wapiga kengele 103 waliouawa katika kipindi cha miaka 33.

Boston nako, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1755, mchungaji mmoja alidai kwamba fimbo zilikuwa zikikusanya umeme wa mbinguni ardhini. Katika mji wa Saint-Omer nchini Ufaransa majirani walimshitaki mtu aliyesimika fimbo juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba alishinda rufaa mwaka 1783, akitetewa na wakili kijana, Maximilien Robespierre, aliyekuja kuwa kiongozi wa mapinduzi ya nchi hiyo.

Hata siasa iliingia. Vita ya uhuru wa Marekani ilipopamba moto, Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliamuru ncha kali za fimbo kwenye jumba lake ziondolewe na kuwekwa vifundo butu, kwa kuwa ncha kali zilikuwa ushauri wa Franklin, ambaye sasa alikuwa adui. Franklin hakujibu. Aliona kwamba sayansi njema itajitetea yenyewe.

Mabishano ya aina hiyo si mageni Afrika Mashariki. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na katika baadhi ya jamii radi inapoua bado hutafutwa mchawi aliyeituma. Aliyekufa huzikwa, jirani hutuhumiwa, na jengo hubaki bila fimbo hadi msimu mwingine wa mvua.

Fimbo ile ile ndani ya nyumba

Franklin hakuishi kuona nyumba yenye taa ya umeme. Kituo cha Thomas Edison cha mtaa wa Pearl, New York, kilianza kuuza umeme mwaka 1882, miaka 92 baada ya kifo chake. Lakini kanuni yake ndiyo inayomlinda mtu anayefungua jokofu asubuhi.

Nyumba hupokea umeme kwa waya wa moto na kuurudisha kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, hauna kazi siku za kawaida. Huunganisha mwili wa chuma wa pasi, jokofu au jiko na fimbo iliyozikwa ardhini nje ya nyumba.

Siku waya wa moto unapochubuka ndani ya jokofu na kugusa bati lake, waya huo wa tatu hupeleka umeme ardhini kwa wingi mkubwa na ghafla, na fyuzi au kikata umeme hukata mara moja. Bila waya huo bati hubaki na volti 230 likimsubiri mtu wa kwanza kulishika. Kwa kuwa nyutro nayo imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma, umeme unaopita mwilini mwa mtu hadi sakafuni hupata njia ya kurudi ulikotoka.

Hayo ndiyo yaliyompata Richmann, na hurudiwa kwa njia ndogo ndogo. Mtu hukata pini ya ethi ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Mwingine husukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ipite, au huchomeka nyaya tupu na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Mwingine hubadilisha fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya wa kawaida, na tangu hapo hakuna kitakachokata umeme hadi nyumba iungue.

Mtu akinaswa na umeme asishikwe kwa mikono kabla umeme haujazimwa. Kama swichi haifikiki, asukumwe kwa mti mkavu na anayeokoa asimame juu ya kitu kikavu. Radi nayo ikikaribia, vifaa vichomolewe mapema kabla haijafika juu ya nyumba, kwa sababu fimbo ya paa huliokoa jengo, lakini haizuii msukumo wa umeme unaoingia kwa kufuata nyaya za nguzoni.

Miaka ya mwisho

Franklin alitia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, akawa balozi Ufaransa, akashiriki mkataba wa amani wa mwaka 1783 na kutunga Katiba mwaka 1787. Maisha yake yalikuwa na doa. Alimiliki watumwa, na gazeti lake lilipata fedha kwa matangazo ya kuwauza watumwa. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na Februari 1790 alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani litoe hatua dhidi yake.

Alifariki Aprili 17, 1790 mjini Philadelphia akiwa na umri wa miaka 84. Maelfu ya wakazi walijitokeza kumzika, katika mji ambao fimbo zake zilikuwa zimesimama juu ya paa kwa karibu miaka 40.

Anayetaka kuona urithi wake hahitaji kusafiri hadi huko. Aitazame plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania na Kenya. Pini ya ethi ni ndefu kuliko nyingine, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili njia ya kwenda ardhini ifunguke kwanza kabla umeme haujaingia, na iwe ya mwisho kufungwa plagi inapochomolewa.